Kontro namba ya mdogo wangu haikulipiwa, na wakala ni mimi

Mhariri, pokea salamu kutoka Igoma hapa Mwanza. Mimi ni msomaji wako wa kuazima, gazeti nalipata likishapita kwa fundi baiskeli jirani yangu, saa nyingine kurasa za michezo zishachomolewa, ila barua za wasomaji huwa zinabaki maana hakuna anayezigombania. Leo na mimi naandika. Ikiwa ndefu kateni tu, ila pale penye hela msipakate.

Kazi yangu ni wakala wa pesa za simu. Nina kibanda, mwavuli, benchi moja la wateja, simu za kitochi tatu na smatifoni moja yenye kioo kilichopasuka, na daftari. Watu wanadhani wakala ni kuweka na kutoa tu, siku hizi nusu ya kazi yangu ni kulipia watu kontro namba, ile namba ya malipo ya serikali. Bili ya maji, faini ya trafiki, ada ya chuo, cheti cha kuzaliwa, kodi ya kiwanja, kila kitu cha serikali kina kontro namba. Mtu anakuja na karatasi limekunjwa mara nane limeloa jasho, naliweka juu ya meza nalinyoosha, namsomea tarakimu kumi na mbili moja moja, inaanza na 99, yeye anaitikia ndio, ndio, ndio, naweka kiasi, naweka namba ya siri, meseji inaingia, namwandikia namba ya muamala nyuma ya karatasi lake na kumwambia hii usiitupe hata kama umeambiwa mambo yameisha. Yani nusu dakika. Kuna mzee mmoja ananiita mwalimu kwa sababu ya hilo neno, usitupe.

Sasa mimi huyohuyo mwezi wa pili mwaka 2024 nilichukua elfu sabini nikampa mtu mkononi, bila karatasi wala meseji, hela ya mdogo wangu ya kurudia mtihani wa kidato cha nne. Na mtihani umeanza Jumatatu ya tarehe 11 Novemba na yeye hayupo chumbani.

Hiyo Jumatatu saa moja na nusu asubuhi watahiniwa walikuwa wanapita mbele ya kibanda, wengine na yunifomu, wengine watu wazima na mashati yao ya kawaida, kalamu na rula kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi langu amempakata mtoto anaangalia simu yake. Simu ilikuwa imezima, najua maana chaja yake nilikuwa nayo mimi. Aliiangalia mpaka wakaisha kupita.

Ngoja nianze mwanzo. Huyu mdogo wangu alimaliza kidato cha nne 2021 shule ya kata huko kwetu Magu, matokeo yakatoka akawa na four ya 28, yaani daraja la nne pointi 28. Kiswahili C, Baiolojia D, Kemia D, Kiingereza, Uraia na Jografia D, Fizikia F. Hisabati na Historia tusiziongelee, hata yeye hataki. Kwetu four ya 28 ilikuwa sherehe, maana mimi kaka yake ni wa 2012, ile batchi iliyopata sifuri zaidi ya nusu ya watahiniwa wote mpaka Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa yakapangwa upya, na mimi hata baada ya kupangwa upya nilijikuta palepale nilipokuwa. Kwa hiyo mama alichinja kuku.

Yeye anataka unesi. Hajawahi kutaka kitu kingine tangu akiwa darasa la tatu alipopelekwa hospitali na malaria na nesi mmoja akamfunga bandeji mdoli wake. Sasa vyuo vya uuguzi ngazi ya diploma vinataka D nne na kwenye hizo iwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Anazo zote kasoro Fizikia. Na D inaanzia maksi 30. Mtu anakosa chuo kwa sababu ya maksi 30 za somo moja, basi unaona kabisa kwamba hiki kitu kinawezekana, ni kurisiti tu, yaani kurudia mtihani, somo moja au mawili, mwaka mmoja. Ila 2022 akapata mtoto, 2023 akawa anaosha vyombo kwenye mgahawa Nyakato, mwishoni mwa huo mwaka ndo akaanza tuisheni ya jioni kwa mwalimu mmoja mstaafu anayefundishia ubaoni kwenye veranda yake, elfu moja kwa kipindi, umeme ukikatika anafundisha kwa tochi. Akaanza kuelewa mpaka ikawa kero nyumbani. Anamwambia mama kwamba ndoo ya maji ukiizungusha kwa nguvu maji hayamwagiki, mama anamwambia zungusha yako, yangu niachie.

Kwa ambao hawajawahi kupita huko nieleze kidogo. Anayerudia mtihani anaitwa mtahiniwa wa kujitegemea, mtaani tunasema PC. Mwanafunzi aliye shuleni anasajiliwa na shule yake, yeye kazi yake kuhakiki jina. PC anajitafutia mwenyewe. Anaenda kwenye kituo, ambacho mara nyingi ni shule tu ya kawaida iliyokubaliwa kufanyia mtihani, anapewa namba rejea, na hiyo namba anaingia nayo kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani kwa intaneti, anajaza taarifa zake na namba yake ya mtihani ule wa zamani na masomo anayotaka, mfumo unampa kontro namba, analipia, amemaliza. Januari na Februari ni elfu hamsini. Machi wanapokea ila kwa faini, inakuwa elfu sitini na tano. Machi ikiisha mlango umefungwa, na Novemba ndo mtihani. Hapo katikati kuna miezi saba ambayo mtu anasoma usiku na mchana akiamini yumo.

Ukisoma hivyo nilivyoandika ni kitu chepesi. Shida watu hawakifanyi hivyo. Dada wa mgahawani hana kompyuta, simu yake ukurasa unakataa kufunguka, hajui namba rejea ni mdudu gani, na pale kituoni kuna mwalimu anayeshughulikia PC ambaye anakwambia leta cheti chako na picha na hela, mengine tuachie. Hayo maneno mengine tuachie Mhariri, ukiyasikia kwenye jambo lenye hela ya serikali shika hela yako ukimbie. Nayajua. Nimewaambia wateja wangu mara ngapi sijui.

Ilikuwa Jumamosi. Elfu hamsini ya ada na elfu ishirini ya kituo, wakasema ya uendeshaji. Mama alikuwa ameuza mpunga akatutumia arobaini, thelathini nikaongezea mimi kwenye floti, yaani hela ya kuzungushia kazi ya uwakala, kitu ambacho wakala hatakiwi kufanya lakini wote tunafanya. Nikafunga kibanda saa saba nikampeleka kwa bodaboda. Mwalimu mwenyewe mtu mzuri sana, mcheshi, akamkaribisha kiti, akamuuliza unataka kuwa nani, akasema nesi, akasema hongera mwanangu sisi tunazeeka tunawahitaji nyie. Akaandika jina lake kwenye daftari kubwa, mbele ya jina akaweka tiki. Nikaiona ile tiki nikaridhika. Nilitaka kuuliza kontro namba, hapa ndo penye uchungu, neno lilifika mdomoni kabisa, nikajisikia vibaya. Mwalimu huyu ana mvi, amempa mdogo wangu kiti na moyo, mimi nimwambie nionyeshe kontro namba kama namtuhumu wizi? Nikanyamaza. Nikamwambia asante mwalimu, shikamoo tena, tukaondoka.

Machi ikapita. Juni nilimuuliza mdogo wangu siku moja umeshapewa chochote, akasema nilipita nikaambiwa namba zitatoka karibu na mtihani. Na kweli namba za mtihani ndivyo zinavyotoka, karibu na mtihani. Kwa hiyo jibu lilikuwa sahihi na halikutusaidia kitu.

Tarehe 21 Oktoba wakabandika orodha. Karatasi mbili za A4 zimebandikwa kwa selotepu kwenye dirisha la ofisi, namba za PC zinaanza na P, mbele jina, mbele masomo. Alifika pale saa nne. Anasema alisoma kutoka juu mpaka chini, akasema labda wameandika jina la baba kwanza, akasoma tena kwa jina la baba, hamna, akasoma mara ya tatu kwa kuweka kidole, akifika kwenye jina linaloanza kama lake moyo unaruka. Kulikuwa na watu wengine nyuma yake wanamwambia dada sogea na sisi tuone. Akasogea. Ndo akanipigia, hakulia, aliniuliza tu kaka, kwani jina langu lile aliliandika nani?

Nilifunga kibanda na wateja wawili wamekaa.

Mwalimu akatoa daftari. Jina lipo na tiki ipo. Akashangaa na sisi, na naamini alishangaa kweli. Akasema yeye wale wote waliolipa hela zao alimkabidhi kijana wa stesheneri, yule ndo anayewajazia kwenye mfumo kwa sababu yeye mwalimu macho yanasumbua na kompyuta ya shule ni moja ya mkuu. Tukaenda stesheneri. Ni kachumba, mashine ya fotokopi na kompyuta mbili, ukutani bei ya lamineti. Kijana hakubisha. Akafungua kabati akatoa faili, ndani kuna makaratasi ya kila mtu aliyemjazia, akapekua, akatoa la mdogo wangu. Mhariri lile karatasi ninalo hapa ninapoandika. Jina lake sahihi, tarehe ya kuzaliwa sahihi, namba yake ya 2021 sahihi, masomo mawili, Fizikia na Hisabati, picha yake na kile kitambaa alichoazima kwa jirani. Chini yake kontro namba. Tarakimu kumi na mbili, inaanza na 99. Kiasi 50,000. Haijalipiwa.

Alijaziwa kila kitu. Kilichobaki ni ile nusu dakika yangu. Karatasi ilikaa kwenye kabati miezi nane, mwendo wa dakika ishirini kwa mguu kutoka kwenye kibanda changu, na mimi kwa siku nalipia namba kama hizo kumi, kumi na tano, za watu nisiowajua.

Hela iko wapi? Mwalimu anasema alimpa kijana hela za watu kumi na nane. Kijana anasema alipewa za watu kumi na tano na akaambiwa hao watatu watakuja kulipa wenyewe. Hakuna aliyesaini popote. Wote wawili nimewaangalia machoni na sijui yupi anadanganya, inawezekana hata hakuna, hela ikipita mikono miwili bila kuhesabiwa kwa pamoja huwa inapungua yenyewe, hili wakala yeyote atakwambia. Kituo sikitaji na stesheneri siitaji. Elfu sabini tumerudishiwa kwa mafungu mawili, na mwalimu alikuja nayo mwenyewe mpaka kibandani jua kali, akakaa kwenye benchi muda mrefu bila kusema.

Tulipoona namba nikawa mjinga kidogo, nikajaribu kuilipia. Kwa simu yangu, palepale stesheneri, na elfu hamsini ya floti. Ikakataa, imeisha muda. Nikajaribu na laini nyingine. Kijana ananiangalia tu.

Kesho yake tukaenda ofisi za elimu. Tulimkuta afisa taaluma anatusikiliza vizuri, mama mmoja wa makamo, alitupa maji ya kunywa kabisa. Akasema watu wa namna yenu nawapata kila mwaka, Oktoba hii hii. Akasema mimi siwezi kumwingiza mtu sasa hivi hata angekuwa mwanangu, mitihani inafungashwa kwa idadi na namba za kila kituo, ukiingiza mtu mmoja asiye na namba umemharibia yeye na chumba kizima. Nilielewa. Kabisa, na nisingependa mtihani ambao mtu anaweza kuingizwa wiki tatu kabla kwa sababu kaka yake amepiga kelele, maana wangeingia wengi na sababu zao tunazijua. Kwa hiyo barua hii haiombi mtu afunguliwe mlango, huo ulishafungwa na ulifungwa kihalali.

Pale nje kwenye kordo ndo tukakutana na wale wenzetu wawili. Mmoja kijana wa bodaboda, alikuwa anarudia masomo matatu atafute C zifike tatu aombe kidato cha tano, yeye alipoambiwa haiwezekani alicheka, akavaa kofia lake akaenda kazini, akasema mtihani sio mke useme nitaoa mwingine, akaondoka kabla hatujajua alimaanisha nini. Wa pili mama wa miaka kama arobaini. Huyu hakuwahi kusoma sekondari ya mfumo rasmi, alifanya kwanza ule mtihani wa maarifa, QT, akafaulu, mwaka huu ndo ilikuwa afanye kidato cha nne kwa mara ya kwanza. Watoto wake wawili wameshamaliza. Alikuwa na daftari la Uraia mkononi, nadhani alikuja nalo kwa mazoea tu, na alipoambiwa hayumo kitu cha kwanza alichosema ni sasa watoto nitawaambiaje. Mimi yangu nikaiona ndogo.

Nimewahadithia watu hapa kijiweni, wengi wanasema ni uzembe wenu, mtu mzima unatoaje hela bila risiti. Ni kweli. Nimeshakubali tangu juu, na kwa mimi wakala ni aibu mara mbili. Lakini hebu tuangalie na upande wa pili. Mwaka huo wa 2024 waliosajiliwa mtihani huu nchi nzima walikuwa zaidi ya laki tano na nusu, na wa kujitegemea walikuwa kama elfu ishirini na nane. Hao elfu ishirini na nane ni akina nani? Ni waosha vyombo, bodaboda, akina mama waliorudi baada ya kuzaa, walinzi wa usiku, askari mgambo, watu ambao hawana mkuu wa shule wa kuwapigia simu kwamba jina lako halijakaa sawa. Mwanafunzi wa shule akikosekana kwenye orodha mwalimu wa darasa ataona, mwenzake wa dawati ataona, mzazi atakuja juu. PC akikosekana hakuna anayegundua mpaka agundue mwenyewe, na orodha anayoweza kuiona kwa macho yake bila kompyuta inabandikwa Oktoba. Sasa Oktoba unamwonyesha ili afanye nini?

Orodha ileile, karatasi zilezile mbili na selotepu, kituo kikiibandika tarehe 1 Machi inakuwa dawa. Inasema hawa ndio waliolipiwa mpaka jana. Asiyejiona ana mwezi mzima wa kuuliza, atalipa na faini elfu kumi na tano, itamuuma, atamtukana mtu, lakini Novemba atakuwa chumbani. Hakuna mfumo mpya hapo na hakuna bajeti, labda ya selotepu. Wakuu wa vituo wanaosoma gazeti hili wanaweza kuanza Machi hii inayokuja bila kungoja waraka wa mtu.

Nilitaka pia kupendekeza meseji. Kampuni za kubeti zinanitumia meseji saa nane usiku kuniambia nimekosa bahati yangu, basi na mtu aliyesajiliwa mtihani atumiwe moja tu, umesajiliwa, umelipiwa, somo hili na hili. Nikaona ni wazo zuri sana mpaka nilipoangalia tena lile karatasi la mdogo wangu usiku. Pale penye namba ya simu ya mtahiniwa imeandikwa namba ya kijana wa stesheneri. Na barua pepe ni ya kwake. Amewajazia wote hivyo, nilimuuliza, akasema ndiyo ili mfumo ukituma kitu nisihangaike kuwatafuta. Kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo hata Baraza lingetuma meseji kumi zingeingia kwenye simu ya kijana, zikakaa huko pamoja na za kubeti.

Basi nimebaki na hiki ambacho nakijua kwa mikono yangu. Ukienda kituoni chukua namba rejea yako uandike kwenye karatasi yako. Stesheneri nenda mwenyewe, kaa pembeni ya anayekujazia, mwambie aandike simu yako, na kama huna simu ya dada yako au ya mume wako, sio yake. Kontro namba ikitoka usimwachie, mpe buku yake ya kuprinti, ondoka na karatasi. Lipia kwa simu yako au kwa wakala yeyote, na hela ya kituo ilipwe kivyake kwa risiti ya kituo, isichanganywe na ya ada. Ile meseji ya malipo ipige picha, iandike kwenye daftari la tuisheni, mtumie na mama. Na mwalimu mwenye mvi akikukaribisha kiti, kaa, msalimie vizuri, halafu muulize. Kama mtu mzuri hatakasirika. Yule wetu alipokaa kwenye benchi langu siku ya kurudisha fungu la pili nilimuuliza, mwalimu ningekudai kontro namba siku ile ungejisikiaje? Akafikiri. Akasema ningekuona huna adabu, halafu ningekupa.

Mdogo wangu ameendelea na tuisheni. Nilidhani ataacha, wiki ya kwanza alilala tu, mama akaja kutoka Magu akakaa naye siku nne, hawakuongea chochote cha mtihani, walichambua mchele. Siku ya tano akabeba mtoto akaenda kwenye ile veranda. Siku waliyofanya Fizikia alikwenda jioni kumsubiri mtu getini amsimulie maswali, akarudi nayo yameandikwa kwenye kiganja na mkono mpaka kwenye kiwiko, akakaa benchini kwangu anayakokotoa kwenye daftari la miamala. Kurasa tatu. Ilibidi nimwambie hilo daftari wanakuja kulikagua. Akasema subiri kaka, hili la mwisho naliweza.

Usajili unafunguliwa Januari 1, yeye ameshaiandika kwa chaki kwenye ubao wangu chini ya KUTOA KUWEKA LUKU. Anasema atalipia mwenyewe kwa simu yake, mimi sitakiwi hata kushika. Na kwa yeyote wa Igoma na jirani atakayekuja na kontro namba ya mtihani, Januari mpaka Machi, namlipia bila kumwongezea hata mia ya kwangu, aje na simu yake, na asome tarakimu mwenyewe.

Wakala,
Igoma, Mwanza